Nimeshindwa kwa Senti Moja

Senti moja. Si kumi, si tano. Moja, ile ambayo ikidondoka barabarani hakuna anayeinama kuiokota. Ndiyo iliyoninyang'anya saa ya ukutani jana usiku kwenye eBay, ule mnada wa mtandaoni.

Mle niliingia kiungwana. Nywila nilikosea mara tatu, picha za taa za barabarani nikazibonyeza mpaka machozi, hayo tumeshazoea. Saa ilikuwa imefika dola 48. Mtu mzima hakurupuki. Nikaweka 48 na senti 30. Mtambo ukanijibu kwa herufi nyekundu: weka 49 au zaidi. Kumbe kuna ngazi! Kuanzia dola 25 hadi 99.99 unapanda kwa dola nzima, ukifika 100 unapanda kwa mbili na nusu, na bei ikinenepa ngazi nayo inanenepa. Sawa, sheria ni sheria. Nikaupa mtambo kikomo changu cha siri, dola 60, unipandishie wenyewe. Ukaniweka 49. Akaja mtu na 55, ukampiku kwa 56. Nikajiona bwana mkubwa: mimi kwenye kochi, mtumishi ananipigania.

Sekunde kumi, bado yangu. Nikamwita mama watoto aje kushuhudia. Tano, yangu. Nikakohoa nianze hotuba. Tatu... nyekundu. Mnada umefungwa, 60.01.

Nikadhani mtambo una homa. Senti zangu 30 zilikataliwa kama noti bandia, senti yake moja imetandikiwa mkeka? Nikasoma masharti, mimi ambaye sijawahi kusoma masharti ya kitu chochote. Ngazi inahesabiwa juu ya bei inayoonekana. Ilionekana 56, kwa hiyo kuanzia 57 mlango uko wazi. Halafu mshindi hulipa kikomo cha aliyemfuata na ngazi moja juu yake, ila kikomo chake mwenyewe kikiishia kabla ya hapo, hulipa hicho hicho. Changu 60, chake 60.01. Hesabu imekaa sawa kabisa, na ndiyo inayoniuma! Ningeibiwa ningelala.

Tungelingana, angeshinda aliyetangulia, yaani mimi. Kwa hiyo kuna mtu aliketi mahali akawaza: humu hakosi mjinga aliyeweka 60 kavu. Alinijua! Hatujaonana, lakini alinijua!

"Baba watoto, kwani saa yenyewe inatembea?"

Haitembei. Iliandikwa wazi, mbovu. Nikamweleza kwamba hata kitu cha kwanza kuuzwa eBay, mwaka 1995, kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Akaenda kulala. Lakini umeziona hizo senti 83?

Sasa kuna saa nyingine, imefika 31. Nimeweka 47.38. Zimebaki dakika nne, simu ina chaji asilimia sita, na waya ulikuwa hapa hapa mezani. Nani kachukua waya? Nauliza kwa mara ya mwisho, nani kachukua waya?