Wafuasi milioni, wateja hakuna

Kampuni ikitafuta balozi wa bidhaa, swali la kwanza huwa lile lile: ana wafuasi wangapi? Na wengi wanaofanya kazi ya kuwaunganisha mastaa na kampuni, kazi ambayo mtaani inaitwa udalali tu, hujibu kwa orodha ya majina na bei. Hapo ndipo dili linapoanza kuoza. Kwa maoni yangu, wafuasi ndio kitu cha mwisho kutazamwa.

Anza na mahali bidhaa inapouzwa. Unga unaopatikana Mwanza na Shinyanga peke yake hauna haja na mchekeshaji ambaye nusu ya watazamaji wake wako Nairobi na Dubai. Takwimu za miji na umri zimo ndani ya akaunti ya staa mwenyewe, kwa hiyo zidai, wala usikubali skrinshoti, maana inachezewa kwa dakika mbili. Mwambie arekodi skrini akiwa anafungua takwimu za siku 90. Kisha chukua video zake 12 za mwisho, zipange kwa idadi ya watazamaji, utazame zile za katikati. Ile moja iliyolipuka kwa sababu ya ugomvi wa mapenzi isikudanganye; kiki haiuzi sabuni.

Halafu soma maoni. Usiyahesabu, yasome: mia moja chini ya tangazo lake la mwisho. Emoji za moto na makopa hazikwambii kitu. Unatafuta "bei gani?", "mnapatikana wapi?", "Dodoma mnatuma?" Mwenye wafuasi 40,000 anayeulizwa hivyo mara ishirini atauza mafuta ya nywele kuliko wa milioni mbili anayeambiwa "umependeza dada".

Kwenye mkataba watu hubishania ada, kumbe hasara iko kwingine. Ukiandika kwamba staa "hatatangaza kinywaji kingine" mwaka mzima, umemfungia maji, maziwa, chai na juisi kwa bei ya soda. Andika soda, taja miezi, na kila mwezi wa kumfungia uwe na bei yake. Vivyo hivyo haki ya kutumia picha: ada ya posti si ada ya bango. Kampuni ikitaka kuilipia video isambae kama tangazo, kuibandika kwenye mabasi au kuirusha kwenye televisheni, hilo ni dili jingine lenye muda na malipo yake. Malalamiko ya "sura yangu bado iko Ubungo na mkataba umeisha" huzaliwa na mstari huo ulioachwa wazi.

Yaliyobaki ni ya kawaida: idadi ya posti na stori, tarehe, marekebisho yasiyozidi mawili, nusu ya malipo kabla ya kurekodi. Stori hupotea baada ya saa 24, basi zihifadhi siku hiyohiyo, la sivyo mhasibu wa kampuni atakuuliza ushahidi na huna. Sema pia kama ada ni kabla au baada ya kodi. Kenya, tangu Julai 2023, anayemlipa mtengeneza maudhui mkazi hukata asilimia 5, na staa aliyeahidiwa shilingi 100,000 akipokea 95,000 hasira zake zinakuja kwako. Kamisheni yako, mara nyingi asilimia 10 hadi 20, itoke upande mmoja. Ukila pande zote mbili kimyakimya, iko siku meneja na mtu wa masoko watakaa meza moja.

Uzembe mkubwa uko kwenye misaada. Taasisi hudhani staa atakuja bure kwa kuwa ni jambo la heri. Hata akisamehe ada, kuna usafiri, mpiga picha, mtu wa kupamba na chawa wawili watatu ambao hawakualikwa. Yote yaingie kwenye bajeti. Pitia pia posti zake za miezi 12: aliyetangaza kubeti mwezi uliopita usimpeleke kuchangisha ada za wanafunzi.

Mechi ya hisani ya Mbwana Samatta na Alikiba, Uwanja wa Taifa mwaka 2018, kwa ajili ya elimu, ni mfano wa ulinganifu: mcheza mpira alipewa mpira, mashabiki wa muziki wakapata sababu ya kuja, hakuna aliyehubiriwa. Linganisha na staa anayepigwa picha akikabidhi miche ya sabuni kituo cha yatima, nyuso za watoto zote wazi. Picha hizo hazipigwi bila idhini ya maandishi ya mlezi. Na hata idhini ikiwepo, mimi ningepiga mikono na migongo. Namba ya kuchangia iwe lipa namba yenye jina la taasisi iliyosajiliwa, isiwe simu ya meneja. Mchangiaji huliona jina kabla hajaweka namba ya siri, na akikuta la mtu binafsi, anafuta muamala.