Subira ni ya Mungu, Wali ni wa Shirika la Ndege

Ndugu zangu wa nyumbani, nawapenda, lakini kuna ujumbe mmoja naomba mpunguze kuutuma. Mtu amekwama uwanja wa ndege tangu alfajiri, simu inakaribia kuzima, mtoto analia mgongoni, ninyi mnamwandikia: "Subira huvuta heri. Yote ni mipango ya Mungu." Sisi tulio huku Ujerumani tunaupokea sana ujumbe huo, maana kutoka Hamburg hadi Dar hakuna ndege ya moja kwa moja. Lazima upitie mahali, na hapo mahali napo pana mambo yake.

Msinielewe vibaya, mimi ni mtu wa kuswali. Ninachobishia ni kumtwika Mungu lawama za watu. Volkano ikilipuka, hiyo ni kazi yake Mola. Tiketi kuuzwa nyingi kuliko viti, hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa ofisini mbele ya kompyuta. Kulisubiri la kwanza ni ibada. Kulisubiri la pili huku umeinamisha kichwa, mara nyingi ni kumsaidia mtu akukosee tena kesho.

Natoka Lindi, na mtu wa kusini hafundishwi kusubiri. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kwenda Dar ilikuwa lazima uvuke Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Masika yakishika, mto unafura, barabara inakuwa tope tupu, pantoni haivuki, na magari yanapanga foleni mpaka huoni mwisho. Watu walilala pale. Mama ntilie wakapika wali na samaki wa mtoni, mwenye hela akamkopesha asiye nayo, wazee wakawekewa magodoro chini ya mti, na watoto wakawa wa basi zima. Zipo ndoa zilizoanzia kwenye foleni ile, muulizeni yeyote wa Kilwa mwenye umri wa kutosha.

Sisemi kwamba yalikuwa maisha mazuri. Wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Muhimbili nao walikuwa kwenye foleni hiyohiyo, na si wote waliovuka. Lakini angalieni kitu kimoja: dereva naye alilala Ndundu. Ukimuuliza utingo "tunaondoka lini?" anakujibu "maji yakipungua", na maji yenyewe unayaona kwa macho yako. Hakuna aliyekuficha kitu, na aliyekuchelewesha amechelewa pamoja nawe. Hata Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ile ile pale Somanga, waliokwama walijua wanasubiri nini.

Sasa njoo uwanja wa ndege wa Ulaya. Mto hauuoni. Kuna ubao unaosema ndege inaondoka saa nane, baadaye saa tisa na nusu, baadaye haisemi saa. Dawati halina mtu. Kwenye simu unaletewa ujumbe kwamba wanasikitika, kwa "sababu za kiutendaji", na kiungo cha kubonyeza ambacho hakifunguki. Aliyekuchelewesha yuko nyumbani kwake anakula chakula cha jioni.

Na anayewaambia kwamba huku kila kitu kinakwenda kwa saa, muulizeni amepanda treni lini mara ya mwisho. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na kwa hesabu yao treni iliyochelewa dakika tano bado imewahi! Wanachelewa kama sisi. Ila mwenzetu wa huku akicheleweshwa hasemi "haya, tutafanyaje", anatafuta kifungu cha sheria.

Na kifungu kipo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema, pamoja na maamuzi ya mahakama yaliyoifuata, kwamba ukifika mwisho wa safari umechelewa muda wa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, unalipwa: euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Dar iko mbali vya kutosha kuwa kwenye 600, ingawa ukichelewa chini ya saa nne wanaweza kukukatia nusu. Hiyo ni mbali na chakula, na hoteli kama mnalala.

Kilichonivutia mimi ni jinsi mahakimu wa Mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, watu wasio na habari na methali zetu, walivyokaa wakachora mstari kati ya mkono wa Mungu na mkono wa mtu. Mwaka 2008 waliamua kwamba ndege kuharibika kwa kawaida yake hakuhesabiki kuwa jambo la dharura lisilozuilika. Ndege ni chombo chako, matengenezo ni kazi yako, mlipe abiria. Halafu ikaja ile volkano ya Iceland, Eyjafjallajökull (jina lake tuwaachie wenyewe), iliyofunga anga la Ulaya karibu wiki nzima mwezi Aprili 2010. Wakenya wanaikumbuka, maana maua ya Naivasha yalikosa ndege yakaishia kutupwa. Mama mmoja alikwama Faro, Ureno, akitaka kurudi Dublin. Alikaa huko wiki nzima akijilipia kula na kulala, kisha akalishtaki shirika lake. Wao wakajitetea kwamba volkano ni jambo kubwa mno, haliwezi kuwekwa shingoni mwao. Mwaka 2013 mahakama ikajibu: fidia huwezi kuwadai, volkano kweli si kosa lao. Lakini chakula na kitanda walipaswa kukupa, hata kama ni wiki. Mlipuko ni wa Mungu, sahani ya wali ni ya shirika. Mimi sijasikia hotuba ya Ijumaa iliyoeleza mipaka ya tawakali vizuri kuliko hukumu ile, na masheikh wangu wanisamehe.

Sasa sikilizeni linaloniuma. Sheria hiyo inamlinda anayeondoka Ulaya kwa ndege ya shirika lolote. Anayekwenda Ulaya akitokea kwetu inamlinda tu akipanda shirika la Ulaya. Wengi wetu tunapanda ya Ghuba, ya Uturuki au ya Ethiopia, ndiyo bei tunazoziweza. Kwa hiyo nikitoka Hamburg kwenda Dar na ndege ikaniharibia safari, ninadai euro 600. Nikirudi kutoka Dar, kwa shirika lile lile, kiti kile kile, hata tiketi ikiwa moja ya kwenda na kurudi niliyoinunua Ujerumani, sina changu. Upo Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, lakini huo unakutaka uthibitishe hasara yako kwa risiti, na kulala sakafuni hakuna risiti. Abiria ni mimi yule yule. Nikielekea kusini nina haki, nikielekea kaskazini nina subira.

Na nyumbani tumekubali iwe hivyo. Nimekaa viwanja vya kwetu nikasikia safari ya jioni ikiahirishwa mpaka asubuhi kwa tangazo la maneno machache, na ukumbi mzima ukaitikia kama aliyeitikia dua. Anayesimama kuuliza, abiria wenzake ndio wa kwanza kumnyamazisha: "Tulia baba, kwani unataka tuanguke? Bora kuchelewa kuliko kutofika." Hoja hiyo ninaiheshimu. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka ndege mbovu iruke. Lakini ndege kuwa kwenye matengenezo kunamzuiaje mtu kuwagawia watu maji? Kunamzuiaje kusema ukweli saa moja usiku, badala ya kuwashikilia mpaka saa tano ndipo awaambie rudini kesho, wakati daladala zimeisha? TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, ina baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, lipo hasa kwa ajili ya malalamiko kama haya. Wangapi kati yetu tumewahi kulipelekea hata barua?

Huku nako wanapungukiwa na kitu, lazima nikiseme. Machi 2025 wafanyakazi waligoma kwenye viwanja zaidi ya kumi vya Ujerumani, Hamburg ikiwamo, na maelfu ya safari yakafutwa. Waliokwama walikaa kila mtu na begi lake na vidude vyake masikioni. Mzee akiangusha fimbo, anaiokota mwenyewe. Haki zao wanazijua zote, aliyekaa kiti cha pili hawamjui. Ningewapeleka Ndundu wakajifunze.

Mahali ambapo nimeyaona yote mawili kwa pamoja ni uwanja mmoja wa Ghuba, usiku. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikatuacha, na kama kawaida Waswahili tukajikuta kona moja. Alikuwepo mama wa Mombasa aliyekuwa akitoka kufanya kazi za ndani Riyadh, kijana wa Bukavu na mabegi ya simu za biashara, na bibi na bwana wa Kirundi waliokuwa wakitokea Kanada. Muda wa sala ulipofika, mama akatandika kanga yake, tukaswali Magharibi na Isha kwa pamoja, tukapunguza kama msafiri anavyoruhusiwa. Kijana wa Bukavu ni Mkristo, akatuambia, "Muende musali, miye nitachunga mizigo," akabaki na pasipoti za watu ambao saa mbili kabla hakuwajua. Mtume alisema safari ni kipande cha adhabu, inamnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Nadhani ndiyo maana dini yenyewe imeipunguzia safari sala. Hakuna aliyejifanya kwamba kusafiri ni raha.

Alipotoa salamu na kumaliza dua, yule mama akakunja kanga, akaitia mkobani, akaenda moja kwa moja dawatini. Aliyekuwa kazini alikuwa Mkenya, kama ilivyo kwa vijana wetu wengi kule.

"Mwanangu, twataka chakula, na twataka mahali pa kulala. Na utuandikie kwa nini twachelewa."

"Mama, mimi nimeajiriwa tu."

"Najua, mwanangu. Lakini aliyekuajiri simuoni, nakuona wewe."

Hakupaza sauti hata kidogo. Tulipata kuponi za chakula. Hoteli walipewa wenye watoto wadogo tu, sisi wengine tukalala kwenye zulia. Asubuhi aliporudi dawatini, karatasi ya sababu aliipata, ikiwa na muhuri. Imani yangu mimi ningependa iwe na umbo hilo: magoti kwanza, dawati baadaye, na lugha ya adabu kote kuwili.

Kuna mahali pesa haifiki, hilo nalijua. Sisi Waislamu wa pwani msiba hatuuwahi, ndege ichelewe isichelewe. Mtu amefariki alfajiri, baada ya Adhuhuri ameshazikwa, na wewe bado unatafuta tiketi. Tulishalizoea, tunawahi arobaini. Wenzetu wa Uchaggani husubiri watoto walio nje. Rafiki yangu wa Moshi alifiwa na baba yake, tarehe ikapangwa kwa kumfuata yeye, hema likakodiwa, mchungaji akaarifiwa. Ndege ikaharibika hapa Ujerumani, ile ya kuunganisha ikamwacha, akatua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, siku iliyofuata wakati kaburi limeshafukiwa. Wote wakamwambia ni mipango ya Mungu. Alikuwa hana nguvu ya kubisha. Aliporudi akaandika barua, wakamkatalia, akaandika tena, na baada ya miezi wakamlipa zile 600. Akazitia kwenye kujengea kaburi. Hazikumrudishia kitu, lakini kuna mtu kwenye shirika lile alilazimika kutia saini kwamba kosa lilikuwa lao, na aliniambia karatasi hiyo alimsomea mama yake kwenye simu, kwa sababu mama alikuwa akidhani mwanawe alizembea.

Kwa mnaosafiri Desemba, basi. Tunzeni kipande cha kupandia ndege, msikitupe mkifika. Ulizeni sababu, na muitake kwa maandishi. Andikeni saa mlango wa ndege ulipofunguliwa, si magurudumu yalipogusa ardhi, maana mahakama inahesabu mlango. Maji na chakula mkijinunulia, wekeni risiti. Kwa Ujerumani mna miaka mitatu ya kudai, inayoanza kuhesabiwa mwaka wa tukio unapoisha, na kipo chombo cha usuluhishi kinachomsaidia abiria bure kabla hajaenda kwa wale mawakala wanaokata fungu nono. Fomu ya Kijerumani ikiwashinda, nitumieni, nitawajazia. Na mkishalipwa, mchango wa harusi ya binamu yangu kule Lindi bado uko wazi, mweka hazina ni mimi.