Mikono Miwili ya Kushoto

"Samahani," mteja alisema. Alikuwa amesimama dirishani, mikono ameinyoosha mbele kama anayepokea mtoto mchanga. "Na huu wa kulia ni wangu?"

Alikuwa anaulizia mkono wa koti. Wa kushoto ulikuwa kijivu cha makaa. Wa kulia nao ulikuwa kijivu cha makaa, ila makaa yaliyomwagiwa maji. Tulikuwa tumekaa dakika 20 nzima chini ya taa na hakuna aliyeona kitu. Halafu jua la London, ambalo mwezi wa Februari hulioni hata ukiliwekea miadi, likajitokeza kutoka mawinguni na kuniumbua.

Aliyekata mkono ule ni mimi. Na aliyeugeuza ndani nje, akijua kabisa anachofanya, ni mimi vilevile.

Mtaa wenyewe ni Savile Row, mtaa wa washonaji suti, pale Mayfair. Washonaji Henry Poole walifungua mlango hapo mwaka 1846, na wenyewe ndio waliomshonea Mwanamfalme wa Wales lile koti fupi la jioni miaka ya 1860, babu wa haya mnayovaa harusini. Karakana yetu ilikuwa nyingine, na jina lake nitalimeza. Ilikuwa chini ya ardhi, kama zilivyo nyingi za huko: unashona huku unatazama viatu vya wapita njia kupitia dirisha la juu, na baada ya miezi michache unamjua mtu kwa soli zake.

Suti ya huko haiunganishwi kwa gundi. Ndani ya kifua cha koti mna kanvasi ya sufu na singa za farasi, imeshikizwa kwa mkono ili icheze pamoja na kitambaa. Zile za gundi zikikutana na joto na unyevu wa dobi, gundi huachia hapa na kushika pale, na kifua kikatoka malengelenge. Chama cha washonaji wa mtaa huo kinasema suti ya vipande viwili ichukue si chini ya saa 50 za kazi ya mkono. Na saa hizo wanagawana watu wengi: mkataji ndiye anayempima mteja na kuchora patani, yaani kiolezo cha kukatia, kwenye karatasi ngumu ya kaki, fundi koti na koti lake, fundi suruali na suruali yake, kisha mmaliziaji. Wetu alikuwa mama wa Kizanzibari, tukimwita Mama Vifungo, kwa sababu matundu yote ya vifungo aliyashona yeye, kwa uzi mzito wa hariri uliozungushiwa juu ya uzi mwingine ili ukingo usimame. Matundu yaliyoshonwa vibaya mafundi wa London huyaita mende waliopondwa. Ya Mama Vifungo hayakuwahi kuitwa hivyo.

Ukiwasikiliza mafundi hao, utadhani umeingia jikoni. Mabaki ya kitambaa ni kabichi. Ule mto mgumu wa mviringo wa kupigia pasi sehemu za kifua ni paja la nguruwe. Koti likimkataa mteja, au mteja akilikataa, nalo linaitwa nyama ya nguruwe.

"Karakana nzima haramu tupu," Mama Vifungo alikuwa akisema. "Miaka yote hii, mwanangu, sijashika mto ule bila bismillahi."

Mimi nilikuwa chini ya mkataji. Yeye anachora, mimi nakata. Kazi inaonekana ndogo mpaka ushike mkasi wenyewe, ambao mpini wake tu unalemaza kidole gumba, na mpaka ujue bei ya kilicho chini yake. Siku ile kilikuwa flaneli ya kijivu ya aunsi 13, yaani kama gramu 400 kwa mita, mita tatu na nusu za upana wa sentimita 150. Suti ya vipande viwili inaenea hapo, na kabichi kidogo inabaki.

Kitambaa hulazwa kikiwa kimekunjwa kwa urefu, ukingo juu ya ukingo, uso ukiwa ndani. Unachora juu mara moja, unakata matabaka mawili kwa pamoja, na mkunjo wenyewe unakupa kulia na kushoto. Huna haja ya kufikiri. Naomba mlikumbuke hilo la kutofikiri.

Mbele ikakatika vizuri, mgongo ukakatika vizuri, suruali pia. Ikabaki mikono. Mkono wa koti una vipande viwili, cha juu kilicho kipana na cha chini chembamba. Vya chini nikavikata. Nilipofika vya juu nikauona uzi mweupe umefungwa ukingoni mwa kitambaa. Ule ni ujumbe wa kiwandani: usawa huu pana kasoro, ukwepe. Nikafunua mkunjo, na kweli, fundo la uzi nene lilikuwa limekaa katikati ya mahali ambapo kipande cha kulia kingetoka. Kwa hiyo nikafanya linalotakiwa: nikakifungua kitambaa chote, nikalaza patani mbali na fundo, nikachora. Nikaisogeza patani pembeni, nikachora tena. Nikakata. Nikajisifu.

Patani sikuigeuza.

Patani ya karatasi ukiilaza upande uleule mara mbili hupati kulia na kushoto, unapata mapacha. Ni sawa na kununua kandambili mbili za mguu wa kushoto. Rangi ni moja, saizi ni moja, bei umelipa, na bado huwezi kutoka nazo mlangoni.

Niligundua saa 1 usiku, wenzangu wameshaondoka, nilipoanza kuupiga bandi, yaani kuushikiza kwa uzi wa muda, mkono wa kulia. Kilele cha mkono, pale unapopanda begani, hakina ulingano: mbele kinashuka kwa ghafla, nyuma kinajaa na kushuka taratibu. Wangu ulikuwa umejaa mbele. Kama ungevaliwa vile, mteja angeonekana kiwiko kimeota upande wa tumbo. Kabichi iliyobaki haikutosha. Kipande kikubwa kilikuwa pembetatu iliyotoka kati ya miguu ya suruali. Na mteja anakuja kujaribu kesho, saa 5 asubuhi.

Fundi mwenye akili angemwandikia mkataji kikaratasi na kwenda kulala. Mimi nikapata wazo.

Flaneli huoshwa na kupondwa mpaka nyuzi zinashikana, kisha husuguliwa ili uso uote vinyweleo laini. Kwetu vinyweleo vya namna hiyo, vile vya mikononi, tunaviita malaika. Ukipitisha kiganja kuelekea chini, malaika wanalala, ukipandisha, wanasimama. Ndiyo maana vipande vyote vya koti hukatwa vikielekea upande mmoja: kipande kilichokatwa kichwa chini hupokea mwanga kinyume na wenzake. Sasa, kipande changu kilikuwa kimeelekea sawa, kosa lilikuwa kushoto na kulia tu. Nikikipindua, ndani kuwa nje, kushoto kunakuwa kulia na malaika bado wanashuka chini! Nikakipindua. Nikakitazama chini ya taa. Nikapitisha kiganja. Kijivu na kijivu. Karibu nilie kwa furaha.

Nikachukua brashi, nikafuta zile alama za chaki ambazo kila fundi huweka upande wa ndani mara tu kipande kinapokatika. Alama hizo ndizo zinazomwambia fundi koti uso uko wapi. Nilizifuta vizuri sana. Katika kazi yote ya usiku ule, hiyo ndiyo iliyofanywa kwa ufundi.

Asubuhi koti likapanda juu likiwa katika hali ya jaribio la kwanza: halina mifuko, halina bitana, kola ni kanvasi tupu, na kila mshono umeshikwa na bandi za uzi mweupe. Mtu akilivaa anafanana na mchoro wa koti. Mteja alikuwa bwana mpole, mara yake ya kwanza kushonewa, na alikuwa anauliza kila kitu. Mkataji, mzee mrefu mwenye tepu shingoni, alikuwa anamjibu taratibu. Akamweleza hata asili ya neno la Kiingereza la nguo hizi, "bespoke", kwamba kitambaa kikishachaguliwa na mteja kilihesabika kimeshasemewa. Mimi niko pembeni nimeshika kisahani cha pini, natabasamu kama bwana harusi.

Ndipo mteja akasema angependa kuiona rangi kwenye mwanga wa mchana. Ombi la haki kabisa. Hata mafundi wenyewe hutoka na kitambaa mlangoni kabla ya kuamua kitu, kwa sababu taa ya dukani ni rafiki wa kila rangi.

Akaenda dirishani. Yaliyofuata nimeshayasema.

"Na huu wa kulia ni wangu?"

Kwa nini ilionekana? Kwa sababu kiwandani uso ndio unaosuguliwa na kunyolewa kwa makini. Ndani hakuna anayehangaika nako. Malaika wa ndani ni wafupi hapa, warefu pale, na mwanga ukiwapiga kwa ubavu wanaurudisha kivingine. Taa ya juu haionyeshi. Jua la chini la asubuhi ya baridi linaonyesha mpaka dhambi za utotoni.

Mkataji hakushtuka. Alimwendea mteja, akaupokea mkono ule kwa vidole viwili, akautazama kwa muda wa kumeza mate. Kisha akaweka kiganja kimoja begani, akaushika mkono wa koti kwa kingine, akauvuta.

Krrraaa!

Mkono mzima ukatoka. Bandi nyeupe zikaruka, mteja akabaki na mkono wa shati.

"Umekaa mbele mno," mkataji akasema, sauti haijapanda wala kushuka. "Mkono wako wa kulia unaning'inia nyuma kidogo kuliko wa kushoto. Tutauzungusha sentimita moja." Akachora msalaba wa chaki begani.

Sasa, kung'oa mkono kwenye jaribio la kwanza ni jambo la kawaida kabisa. Bandi ziko pale kwa kazi hiyohiyo. Ila yule bwana hakujua. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeona mazingaombwe. Rangi akaisahau palepale. Akatoka dukani anaitazama njia bila kuiona.

Chini karakanani hakukuwa na mazingaombwe. Mkataji alilaza mkono mezani, akafumua bandi zilizobaki, akakwaruza malaika kwa ukucha mpaka mfumo wa kitambaa ukaonekana. Flaneli ile ilifumwa kwa mistari ya mshazari. Kwenye uso mistari ilipanda kuelekea kulia. Kwenye kipande changu ilipanda kuelekea kushoto.

"Alama za chaki ziko wapi?"

Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza. Nikatazama brashi. Naye akaitazama brashi.

Mama Vifungo hakuinua macho kwenye tundu lake. "Ewe mwanangu," akasema kwa Kiswahili, "ungeukata wa tatu wa kushoto, tungepata doti na nusu."

Tuliagiza sentimita 75 nyingine kwa mwuza vitambaa, na akaombwa zitoke kwenye jora lilelile, maana rangi ya pipa jingine inaweza kupishana kidogo hata ikiwa na namba ileile. Zilipofika tukazipeleka mlangoni, safari hii mimi ndiye niliyeagizwa kusimama juani. Tukakata vipande vyote vinne upya, vya kulia na vya kushoto, ili hata kama rangi ingepishana na ya kifua, mikono ifanane yenyewe kwa yenyewe. Gharama ilikatwa kwenye mshahara wangu, na hiyo ilikatwa upande sahihi mara ya kwanza.

Kuiweka mikono nikapewa mimi, kama adhabu. Kilele cha mkono huwa kirefu kuliko tundu la kwapa kwa sentimita nne au tano, na ziada hiyo lazima imezwe bila kutoa mikunjo: unaigawa kwa bandi ndogondogo, unaikausha kwa pasi yenye mvuke mpaka sufu ijikunyate, unaning'iniza, unatazama, unafumua, unaanza tena. Wa kulia ulinichukua mchana mzima. Wa kushoto ulinichukua mchana na nusu, kwa sababu nilikuwa naurudia kuhesabu kama ni wa kushoto kweli. Ulikaa kama umemwagwa. Hata mkataji alitoa sauti fulani puani, ambayo kwa miaka niliyomjua ndiyo pongezi.

Jaribio la pili, mteja akaja na rafiki yake. Akavaa koti, akasimama mbele ya kioo, akageuka, akaenda dirishani mwenyewe bila kuambiwa. Kijivu na kijivu. Kila kitu sawa. Mkataji akasema tunaweza kumalizia.

Mteja hakuvua koti. Alimtazama rafiki yake, akamtazama mkataji, kisha akaunyoosha mkono wa kushoto pembeni kidogo, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

"Leo hamng'oi?"

Mkataji akanigeukia. Mimi nikatikisa kichwa polepole, namsihi kwa macho. Yeye akaweka kiganja begani mwa yule bwana.

Krrraaa!

Rafiki akapiga makofi. Nikaupokea mkono wangu wa mchana na nusu, nikashuka nao ngazi mpaka kwa Mama Vifungo. Akaugeuza huku na huku chini ya taa.

"Huu ndio wa kushoto," akaniuliza, "au mwenziwe?"