Lehemu au gundi: chipu ya mwanga inapopinda

Chipu ya silikoni yenye njia za mwanga na upana wa milimita 10 inaweza kutoka kiwandani ikiwa bapa kabisa, kisha ikapinda siku inapobandikwa kwa lehemu au gundi kwenye kitako chake, yaani bamba inalokalia. Kwenye chipu ya umeme mtupu, mpindo wa mikromita 3 haumsumbui mtu. Hapa unasumbua, kwani faiba (uzi mwembamba wa kioo) inayoingizia mwanga ubavuni lazima ikae kimo kimoja na njia yake. Doa la mwanga likiwa na kipenyo cha mikromita 10, kukosea kimo kwa mikromita 1 hula takriban desibeli 0.2. Likiwa la mikromita 3, kosa lilelile hula karibu desibeli 2, zaidi ya theluthi ya mwanga wote.

Wanaotetea lehemu ya dhahabu na bati (80 kwa 20 kwa uzito) wana hoja nzito. Hupitisha joto vizuri kuliko gundi yoyote ya epoksi yenye fedha, hainywi unyevu, na haisogei miaka ikipita. Shida ni kwamba huganda kwenye nyuzijoto 280. Kutoka hapo hadi 25, kitako cha shaba husinyaa kwa sehemu 17 kwa milioni kila nyuzi, silikoni takriban 2.6 tu. Kwa milimita 10 tofauti hiyo inafika kama mikromita 37, na lehemu ni ngumu, haitelezi hata kidogo, basi chipu hutoa tumbo juu. Kitako cha kauri ya nitraidi ya alumini hushusha tofauti hadi kama mikromita 5. Kwa hiyo wanaoilaumu lehemu mara nyingi wangepaswa kukilaumu kitako.

Gundi nayo, ikikaushwa kwa nyuzijoto 80 kwa saa 3 badala ya 150 kwa saa moja, huacha tofauti ya kama mikromita 8 hata juu ya shaba, na ulaini wake humeza sehemu ya hizo. Lakini tabaka lisilo sawa huinamisha chipu upande mmoja. Dawa yake ni kuchanganya shanga ndogo za kioo za ukubwa mmoja, na kumwaga gundi kwa umbo la X ili hewa ipate pa kutokea. Unyevu hauna dawa rahisi hivyo: gundi huunywa, huvimba, na faiba inahama.

Wengine huikandamiza chipu iwe bapa wakati gundi inakauka. Huo ni mkopo tu. Ukiiachia, inavuta kurudi, na pembe ndizo hubanduka kwanza.

Mpindo mwingine huzaliwa kabla ya gundi. Tabaka la oksidi la mikromita 2 lililo chini ya njia za mwanga lina mkazo wa kama megapaskali 300. Chipu yenye unene wa mikromita 725 hubenuka nusu mikromita tu. Ikikwanguliwa hadi 200, mpindo huzidi mara 13. Tabaka kama hilo likiwekwa pia mgongoni kabla ya kukata chipu, pande mbili huvutana zikalingana.

Kupima si kazi ya gharama: laza kioo bapa juu ya chipu chini ya taa ya sodiamu, kila mstari mweusi ni tofauti ya kimo ya mikromita 0.3. Pima kabla ya kubandika, baada yake, na tena baada ya mizunguko ya nyuzijoto -40 hadi 85. Kwa chipu ya leza yenye upana wa milimita moja ningechagua lehemu bila kusita. Kwa chipu pana, gundi ya nyuzijoto 80, na faiba zibandikwe mwisho kabisa, mpindo ukishatulia.