Taa za LED viwanja vya ndege: faida ipo, ila si pale inapotangazwa

Uwanja wa ndege ukibadilisha taa zake kuwa za LED, tangazo huanza na asilimia ya umeme utakaookolewa. Mara nyingi asilimia hiyo ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba hujumlisha maeneo mawili yasiyofanana, yaani jengo la abiria na eneo zinakotua ndege, na kila moja lina hesabu yake.

Kwa jengo la abiria sioni cha kubishania. Taa zake nyingi huwaka usiku na mchana, kwa hiyo hata wati chache zikipungua kwenye kila taa, mwisho wa mwaka bili huonyesha. Taa isiyo na joto kali pia huipunguzia kazi mitambo ya kupoza hewa, ambayo hula umeme kuliko taa zenyewe. Isitoshe, taa za tyubu zina zebaki, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuachana nazo kufikia 2027. Uwanja wa Schiphol, Uholanzi, ulikwenda mbali zaidi mwaka 2015: uliingia mkataba wa kulipia mwanga tu, huku taa zikibaki mali ya Philips, kwa lengo la kupunguza matumizi ya umeme wa taa kwa nusu. Napenda mpango huo kwa sababu moja: mtengenezaji akijua taa ikifa ni hasara yake, hutengeneza ya kudumu.

Ugumu unaanzia nje. Taa za barabara ya kuruka na kutua ndege huunganishwa kwa mfululizo, na mtambo maalumu huhakikisha mkondo unabaki uleule, kwa kawaida ampia 6.6 mwanga ukiwa kwenye kiwango cha juu kabisa. Mitambo hiyo ilipimwa kwa mzigo mzito wa balbu za halojeni, zile za zamani zinazowaka kwa waya wa moto. Ukiweka LED na kuuacha mtambo wa zamani, unafanya kazi chini sana ya uwezo wake na kupoteza umeme ovyo, hivyo akiba iliyoahidiwa kwenye katalogi haionekani yote. Na uwanja mdogo ambao taa zake za kutulia huwashwa saa chache tu kwa usiku utasubiri muda mrefu kurudisha gharama.

Kuna pia jicho la rubani. Halojeni ikipunguzwa mwanga hugeuka rangi kuelekea manjano. LED hubaki nyeupe vilevile, na isiporekebishwa vizuri humtia rubani kiwi usiku wenye anga safi. Ndiyo maana Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) haitaki aina hizo mbili zichanganywe kwenye mstari mmoja wa taa. Zaidi ya hapo, baadhi ya ndege zina kamera zinazotambua joto ili kumsaidia rubani kuona taa kwenye ukungu anapokaribia kutua. Halojeni huwaka kwa joto, kamera ikaiona mara moja. LED haina joto la kutosha kuonekana hivyo. Kwenye nchi za theluji, kukosa joto huko kuna adha nyingine: balbu ya zamani iliyeyusha theluji juu yake bila kuombwa, ilhali LED huhitaji kipasha joto, nacho kinakula sehemu ya akiba.

Kwa nini basi nisiseme eneo la nje libaki kama lilivyo? Kwa sababu ya viungio, zile njia zinazoiunganisha barabara ya kutulia na maegesho. Taa za pembeni mwake ni za buluu. Halojeni ina buluu haba, hivyo inabidi ifunikwe kwa kioo cha rangi kinachomeza karibu mwanga wote ili kipite kidogo kinachotakiwa. LED hutoa buluu moja kwa moja, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Hapo akiba ni kubwa bila hila. Maegesho ya ndege nayo yanafaidika: taa za sodiamu hufanya kila kitu kionekane cha rangi ya chungwa, na umeme ukikatika huchukua dakika kadhaa kurudia mwanga wake. Chini ya LED nyeupe fundi hutambua kwa urahisi zaidi kilichomwagika chini ya bawa.

Faida ninayoiona kubwa kuliko zote haimo kwenye bili ya umeme. Balbu ya halojeni hudumu saa elfu moja au mbili hivi, LED saa 50,000 au zaidi. Kila balbu inayobadilishwa kwenye barabara ya kutulia humaanisha kuifunga, na mafundi kuingia na gari usiku wakisikiliza redio ya waongoza ndege. Zikipungua safari hizo, inapungua pia nafasi ya ndege na gari kukutana pasipotakiwa. Wapinzani wana hoja moja nzito hapa: kinachokufa kwanza mara nyingi si LED yenyewe bali saketi inayoiendesha, hasa radi ikipiga, na kuibadilisha ni ghali kuliko kubadilisha balbu. Hata hivyo, saketi haifi kila baada ya miezi michache.

Kuhusu tabianchi nitasema kidogo. Mpango wa Airport Carbon Accreditation, ulioanza 2009, hupima kwanza hewa chafu inayotoka kwenye shughuli za uwanja wenyewe, na LED huipunguza kweli. Hewa chafu ya mafuta yanayochomwa na ndege angani ni nyingi mno kuliko hiyo, na taa hazigusi hata tone la mafuta hayo.

Kwa hiyo ningeanza na jengo, viungio na maegesho, nikaacha taa za kuongozea ndege inayokaribia kutua ziwe za mwisho. Barabara ya kutulia ningeigusa tu bajeti ikiwa na fedha za mitambo mipya ya mkondo pamoja na taa zenyewe. Zikikosekana, halojeni iendelee kuwaka hadi zipatikane.