Mtakwimu au tabibu: nani akabidhiwe takwimu za afya za halmashauri?

Tangazo la nafasi ya Mtakwimu Daraja la II likitoka Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali ya Tanzania, sifa zake zinajulikana hata kabla ya kulifungua: shahada ya kwanza ya takwimu au fani inayokaribiana nayo, kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali. Majukumu nayo ni yaleyale ya kukusanya, kuchambua, kutunza na kuandaa taarifa. Kwamba mwombaji awe ameshawahi kukaa zahanati hata wiki moja, kwa kawaida hilo halimo. Wakati huohuo, ukienda kwenye halmashauri nyingi utakuta anayeshinda na takwimu za afya ni mratibu wa MTUHA, yaani mfumo wa kukusanya taarifa za huduma za afya, na mara nyingi huyo ni tabibu, muuguzi au afisa afya aliyeongezewa kazi hiyo juu ya ile aliyoajiriwa nayo. Hapo ndipo ubishi ulipo. Watakwimu wanasema wenzao hawajui hesabu, na matabibu wanasema watakwimu hawajui wagonjwa. Nadhani kila upande una haki yake, ila si kwa uzito mmoja.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Zahanati inaandika wagonjwa wa nje kwenye Kitabu namba 5, wajawazito kwenye namba 6, wanaojifungua kwenye namba 12. Mwezi ukiisha, muuguzi ambaye pengine yuko peke yake zamu hiyo anapiga tali, anajumlisha na kujaza fomu ya taarifa ya mwezi. Fomu zinakwenda wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na sasa unatumika nchi nyingi za Afrika. Mwajiriwa mpya anaanzia hapo: kusaka vituo ambavyo havijaleta taarifa, kupiga simu, kuuliza kwa nini safu fulani ni tupu, kuandaa majedwali ya kikao cha timu ya afya ya halmashauri, na msimu wa bajeti ukifika, kutoa namba za kuingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya. Hana cheo cha kutisha, lakini dawa zinazoagizwa mwaka unaofuata zinategemea kidogo umakini wake.

Nianze na hoja ya matabibu, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa vyuoni. Chukua malaria. Kabla ya kipimo cha haraka, mRDT, kuenea kwenye zahanati, homa karibu zote ziliandikwa malaria. Kipimo kilipofika, wagonjwa wa malaria walipungua vitabuni hata pale ambapo mbu hawakupungua. Mhitimu aliyeketi wilayani akiona mstari wa malaria iliyothibitishwa umeporomoka mwezi Machi, anaweza kuandika kwamba vyandarua vimefanya kazi. Tabibu atauliza kwanza kama vipimo vilikuwepo Machi. Kisha atafungua leja ya dawa aone dozi za dawa mseto zilizotoka. Kama zimetoka nyingi kuliko wagonjwa waliothibitika, basi malaria haikupungua, vipimo ndivyo vilivyokwisha, watu wakatibiwa kwa dalili. Swali hilo huwezi kulipata kwenye kompyuta kama hujawahi kusimama dirisha la dawa. Na wale waliokutwa hawana malaria walikwenda wapi? Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa jinsi UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ilivyogeuka kuwa jibu la kila homa iliyokosa jina. Anayejua hilo hatatoa mada mkoani kuhusu mlipuko wa UTI.

Sasa upande wa takwimu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, yaani ongezeko la wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kati ya sensa na sensa, idadi ya watoto wanaotakiwa kuchanjwa ni makadirio yaliyogawanywa kutoka juu hadi kwenye kituo. Panapochimbwa dhahabu watu wanamiminika ndani ya miezi, na makadirio hayana habari. Matokeo yake kituo kinaleta kiwango cha dozi ya tatu ya Penta, chanjo ya watoto wachanga, cha, tuseme, asilimia 118. Mratibu asiyejua makadirio yanavyotengenezwa ana njia mbili: kushangilia, au kumpigia simu muuguzi "arekebishe" namba ishuke chini ya mia. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi, maana inafuta watoto waliochanjwa kweli ili jedwali lipendeze. Mtakwimu atajua kosa liko kwenye kigawanyo, yaani ile idadi ya watoto iliyokadiriwa, na ataacha idadi ya watoto waliochanjwa kama ilivyo.

Kuna na mfano mkubwa zaidi. Utafiti wa kaya wa 2015/16 ulitoa vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Namba hizi zimesemwa majukwaani mpaka zimechakaa. Lakini zinatokana na mahojiano ya kaya zilizoteuliwa kwa sampuli, zinagusa miaka kadhaa iliyotangulia utafiti, na kila moja ina upana wake wa makosa. Huwezi kuichukua 104 ukaipachika kwenye wilaya yako, wala kuilinganisha moja kwa moja na vifo vilivyoandikwa Kitabu namba 12, ambacho hakimwoni mama aliyefia nyumbani. Nimeona maandiko ya mipango yanayofanya yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Halafu kuna suala ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini: nani anampima nani. Mpango wa malipo kwa ufanisi ulipojaribiwa mkoani Pwani kuanzia 2011, vituo vililipwa kulingana na huduma zilizohakikiwa. Fedha ikifungwa kwenye namba, namba hupata kishawishi cha kukua. Mratibu aliyetoka miongoni mwa watoa huduma anapitisha takwimu za wenzake na za bosi wake, Mganga Mkuu. Mtakwimu angalau hana zamu anayoitetea, ingawa naye yuko chini ya mkurugenzi yuleyule, na sijui ni nani anayefurahia kumwambia mkurugenzi kwamba asilimia zake za mwaka jana zilikuwa za hewa.

Kenya imepita njia ya tatu. Tangu 2016 ina sheria ya mameneja wa rekodi na taarifa za afya, na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inafundisha kada hiyo kuanzia ngazi za chini: kutunza mafaili, kuandika magonjwa kwa misimbo, na takwimu kidogo. Inavutia, kwa sababu mtu mmoja anajua kitabu na jedwali. Lakini kada ikishakuwa na bodi na leseni yake, inafunga mlango, na mhitimu mzuri wa takwimu anaweza kubaki nje.

Kwangu mizani inaegemea kwa mtakwimu, na sababu kubwa ni wagonjwa. Kila tabibu anayeketi kupatanisha majedwali ni tabibu aliyetolewa chumba cha uchunguzi, nasi hatuna matabibu wa kugawa. Vitabu vya MTUHA mtu mwenye akili anavijua ndani ya miezi michache. Sampuli, vigawanyo na makadirio tabibu mwenye foleni mlangoni hatavipatia nafasi. Ila tangazo linapaswa kubadilika. Kipindi cha majaribio cha miezi kumi na miwili kipo tayari kwenye utumishi wa umma. Sehemu ya mwanzo mtakwimu mpya aikae zahanati na kituo cha afya, apige tali na muuguzi mwisho wa mwezi. Na kwenye usaili wa vitendo, badala ya maswali ya fomula, apewe nakala za kurasa za Kitabu namba 5 zilizofutwa majina pamoja na taarifa ya mwezi isiyolingana nazo, aambiwe atafute kilichotokea.

Pingamizi litakuwa fedha, na ni pingamizi la haki: zahanati nyingi hazina nyumba hata ya muuguzi wake, na halmashauri italazimika kuweka nauli na malazi ya mwajiriwa huyo kwenye bajeti kabla hajaripoti.