Bahari Itawafuata

Usiku wa kuamkia safari niliutazama mwezi mpevu juu ya paa la jirani, nikasema mashallah, nikaenda kulala. Mtoto wa Mombasa mzima, na neno bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi mwezi ukiwa mpevu, halikunijia hata kidogo.

Tulikuwa sita, kayaki tatu za kukodi. Tuingie majini upande wa Junda saa moja asubuhi, maji yanayopwa yatuteremshe Mkondo wa Tudor, tupite chini ya Daraja la Nyali, Bandari ya Kale, Fort Jesus, mpaka bahari kuu. Lakini shemeji yangu wa Nakuru alitaka kwanza mahamri na mbaazi, kisha picha, kisha picha nyingine akiwa ameshika kafi. Tukaondoka saa tatu unusu.

"Nifuateni huku kwenye mikoko," nikasema, "kuna njia ya mkato."

Njia ilikuwepo. Maji ndiyo hayakuwepo. Siku za bamvua hapa kwetu hushuka zaidi ya mita 3, na hayaagi. Kayaki ikakwaruza, ikasita, ikatua topeni. Nikashuka nisukume, mguu ukazama hadi gotini, ukatoka bila kandambili. Nikatia mkono kuitafuta. Nikashika kitu, nacho kikanishika. Kaa! Ukelele nilioupiga, shemeji huuigiza mpaka leo, tena harusini.

Akapita mzee na ndoo yake na fimbo ya kutolea kaa mashimoni, akitembea juu ya mizizi kama yuko barazani kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwaenda wapi, wanangu?"

"Twaenda baharini."

Akatutazama mmoja mmoja. "Basi kaeni papo hapo. Itawafuata."

Tukakaa. Mbu walishiba. Shemeji aliuliza mara nne kama kuna mamba. Adhuhuri maji yakarudi, kayaki zikaelea, tukatokea mkondoni kwa shangwe na kupiga makafi kwa nguvu zote kuelekea Nyali. Jambo moja tu lilinitatiza: mikoko ya kando ilikuwa yapita upande usio wake. Maji yalikuwa yajaa, nayo yajaapo huenda bara.

Yalitushusha pale pale tulipoanzia. Mama wa mahamri alikuwa anaosha masufuria.

"Mmesharudi? Baharini kulikuwaje?"

Shemeji akaninyooshea kafi, nimesimama na kandambili moja. "Muulize huyu mwenyeji."